Soma mstari kabla ya kubonyeza Enter: alama za terminali na maana zake

Ukifungua terminali, yaani dirisha la kuiandikia kompyuta amri, kabla hujaandika herufi hata moja, kompyuta imekwisha kukuambia mambo manne: wewe ni nani, uko kwenye mashine ipi, umesimama kwenye folda gani, na una mamlaka kiasi gani. Yote yamo kwenye ule mstari mfupi unaoishia na alama moja na kishale kinachopepesa. Mstari huo ndio kidokezo. Wafundishaji wengi wa kompyuta huuruka, wanakwenda moja kwa moja kwenye ls (kuorodhesha faili) na cd (kuhama folda), na mwanafunzi anabaki akidhani ile dola ya mwisho ni pambo. Kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu amri ileile sahihi, ikiandikwa mahali pasipo pake au kwa mamlaka yasiyohitajika, inaleta hasara.

Nimeandika nikiwafikiria watu wa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini: mwanafunzi wa chuo kikuu cha MUST pale Iyunga, Mbeya, au wa chuo cha Mkwawa kule Iringa, fundi wa mitandao anayefunga ruta Makambako, na karani wa stoo Rungwe ambaye bosi kamwambia kuanzia mwezi ujao hesabu zote zinahamia kwenye seva ya Linux. Katika mifano tutamtumia mtu wa kubuni, Neema, anayetunza hesabu za parachichi.

Hatua ya 1: Fungua terminali na utazame tu

Kwenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, bonyeza Ctrl+Alt+T. Kwenye Mac tafuta programu iitwayo Terminal. Kwenye Windows una milango mitatu, yaani cmd, PowerShell na Git Bash (huu wa mwisho unauweka mwenyewe), na kila mmoja una kidokezo chake, tutaifikia. Kama huna kompyuta, simu ya Android yenye programu ya Termux inatosha kabisa kujifunzia, ila kidokezo chake ni kifupi mno: wimbi (~) na dola ($), basi.

Usiandike kitu. Tazama. Kwa Neema, kwenye Ubuntu, mstari unasomeka hivi:

neema@stoo:~/parachichi$

Usome kutoka kushoto. neema ni jina la akaunti aliyoingia nayo. Alama ya @ inatenganisha mtu na mashine, kazi ileile inayofanya kwenye anwani ya barua pepe tangu Ray Tomlinson alipoichagua mwaka 1971. stoo ni jina la kompyuta. Nukta pacha inafunga habari za "nani na wapi" na kufungua habari za "folda gani". ~/parachichi ni mahali aliposimama. Dola inasema ni mtumiaji wa kawaida, si msimamizi mkuu. Baada ya dola kuna nafasi, na baada ya nafasi ndipo maneno yako yanapoanzia.

Usiniamini kwa maneno matupu. Uliza kompyuta yenyewe, swali moja moja:

neema@stoo:~/parachichi$ whoami
neema
neema@stoo:~/parachichi$ hostname
stoo
neema@stoo:~/parachichi$ pwd
/home/neema/parachichi

Umeona? Majibu matatu hayo yalikuwa yameandikwa tayari kwenye kidokezo. Angalia pia kwamba mistari ya majibu haina kidokezo mbele yake. Ndivyo unavyotofautisha ulichoandika wewe na kilichosemwa na kompyuta unaposoma picha ya skrini uliyotumiwa na mtu kwenye WhatsApp: penye kidokezo ni binadamu, pasipo nacho ni mashine.

Sura ya kidokezo hubadilika kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, lakini habari ni zilezile. Fedora za miaka iliyopita, Linux ya aina nyingine, ziliweka mabano ya mraba na jina la folda ya mwisho tu:

[neema@fedora parachichi]$

Mac huacha nafasi badala ya nukta pacha na kumalizia na alama ya asilimia. Kali Linux, wanayoipenda sana vijana wa usalama wa mitandao, huchora kidokezo cha mistari miwili chenye vistari vya kona. Amri inaandikwa kwenye mstari wa chini. Usibabaishwe na michoro, tafuta mambo manne yaleyale.

Hatua ya 2: Elewa wimbi na mkwaju

Alama ya wimbi, ~, maana yake ni nyumbani kwa mtumiaji aliyeingia. Kwa Neema kwenye Linux nyumbani ni /home/neema, kwenye Mac ni /Users/neema. Asili yake ni kibodi tu: kwenye terminali ya ADM-3A, iliyotumika sana miaka ya 1970, kitufe chenye alama hiyo ndicho kilichoandikwa HOME. Watu wakazoea, na hadi leo tunaitumia.

Mkwaju mtupu, /, ni shina la mfumo mzima, mahali ambapo folda zote zinaanzia. Kwa hiyo vidokezo hivi viwili vinafanana kwa macho lakini vinaonyesha sehemu mbili tofauti kabisa:

neema@stoo:~$
neema@stoo:/$

Cha kwanza uko kwako. Cha pili uko kwenye shina, na faili nyingi hapo si zako. Ukipotea, andika cd peke yake, bila kitu mbele, na utarudishwa nyumbani. Ukitaka kurudi ulikokuwa dakika iliyopita, andika cd na kistari: cd -

Kila unapohama, tazama sehemu hii ya kidokezo imebadilika au la. Kama haijabadilika, hukuhama, hata kama unadhani umehama. Tatizo la kawaida ni majina yenye nafasi ndani:

neema@stoo:~$ cd Picha za Tukuyu
bash: cd: too many arguments
neema@stoo:~$

Kidokezo bado kinaonyesha wimbi. Kompyuta imeona maneno matatu ikadhani umeipa folda tatu. Mwenye haraka hasomi, anaendelea na amri inayofuata, tuseme ya kufuta picha zote, na amri inafanya kazi yake nyumbani badala ya Tukuyu. Weka jina ndani ya alama za funga na fungua semi: cd "Picha za Tukuyu". Au, kama ndiyo kwanza unaunda folda, unganisha maneno kwa kistari uepuke usumbufu wa miaka.

Hatua ya 3: Dola, reli na asilimia

Alama ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Dola ni mtumiaji wa kawaida. Ilikuwa alama ya sheli (programu inayopokea na kutekeleza amri zako) ya Stephen Bourne iliyotoka na Unix toleo la 7 mwaka 1979, na bash, sheli ya Linux nyingi, iliyotengenezwa na Brian Fox mwaka 1989 ikairithi. Haihusiani na fedha hata kidogo.

Asilimia pia ni mtumiaji wa kawaida, ila wa ukoo mwingine. Ilitumiwa na sheli ya C ya Bill Joy kule Berkeley, na leo utaiona kwenye sheli iitwayo zsh. Apple walihamia zsh mwaka 2019, ndiyo maana mwenye Mac mpya anaona asilimia pale ambapo mwenye Ubuntu anaona dola.

Alama ya reli, #, ni habari nyingine. Hapo wewe ni msimamizi mkuu, ambaye kwenye Linux akaunti yake inaitwa root. Mfumo hautakukatalia karibu chochote, na mara nyingi hautakuuliza mara mbili. Tazama mabadiliko Neema akiomba mamlaka hayo kwa amri ya sudo:

neema@stoo:~/parachichi$ sudo -i
[sudo] password for neema:
root@stoo:~#

Kwanza, ukiandika neno la siri, kwa kawaida hakuna kinachoonekana, hata nyota. Kibodi haijafa, andika tu na ubonyeze Enter. Pili, vimebadilika vitu vitatu kwa mpigo: jina limekuwa root, dola imekuwa reli, na lile wimbi, ingawa sura ni ileile, sasa linamaanisha /root, nyumbani kwa msimamizi. Neema akitafuta folda yake ya parachichi hapo hataiona, na atashtuka akidhani imefutika. Haijafutika. Amehamia nyumba ya mtu mwingine.

Madhara ya kufanya kazi za kila siku ukiwa kwenye reli huwa hayaonekani papo hapo. Neema akiunda faili la mauzo akiwa root, faili linakuwa mali ya root. Kesho yake, akiwa kwenye dola, anajaribu kuongeza mauzo ya siku na anajibiwa Permission denied, kwenye faili aliloliunda kwa mikono yake. Kazi ikiisha andika exit, au bonyeza Ctrl+D, urudi kwenye dola. Na kama unahitaji mamlaka kwa amri moja tu, iandike na sudo mbele yake badala ya kuhamia kabisa.

Ukiwa na shaka na kidokezo chenyewe, maana mtu anaweza kukiandika upya apendavyo, uliza namba: id -u. Jibu likiwa 0, wewe ndiye msimamizi mkuu, kidokezo kiseme kinavyosema.

Hatua ya 4: Unaponakili amri, acha kidokezo kilipo

Maelekezo mengi mtandaoni huandikwa na kidokezo mbele ya amri, ili msomaji ajue ni amri ya mtumiaji wa kawaida au ya msimamizi. Alama hiyo haiandikwi. Ukiibandika pamoja na amri, matokeo hutegemea ni alama gani.

Dola ina huruma. Utajibiwa bash: $: command not found, na hakuna kilichoharibika.

Reli inakudanganya kimya kimya. Kwenye bash, kila kilicho baada ya # ni maelezo ya kusomwa na binadamu, kwa hiyo amri haitekelezwi na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Mtu anabandika mstari wa kuweka programu, anaona kidokezo kimerudi, anaamini programu imewekwa. Kwenye zsh ya Mac atakuta zsh: command not found: # na walau atastuka.

Ya hatari ni hii: >. Kwenye maelekezo ya Windows na ya ruta, alama hiyo ni mwisho wa kidokezo. Kwenye bash, ukiianza amri nayo, maana yake ni "mimina matokeo ndani ya faili linalofuata", na faili hilo linamwagwa kwanza. Mtu akibandika

> mauzo.csv

faili la mauzo linabaki na baiti sifuri. Hakuna onyo. Kwa hiyo ukinakili mstari, anza kuchagua kutoka herufi ya kwanza ya amri, si kutoka mwanzo wa mstari.

Hatua ya 5: Kidokezo kinapogeuka kuwa >

Hili ndilo swali linaloulizwa sana na wanaoanza, na sisi Waswahili tuna sababu yetu ya ziada ya kukutana nalo: ritifaa. Lugha yetu imejaa ng'ombe, ng'ambo na ming'oko. Huku kwetu kuna Nyang'oro kwenye barabara ya Iringa kwenda Dodoma, na kuna wilaya nzima ya Wanging'ombe mkoani Njombe. Sasa Neema anataka folda ya kila wilaya anayonunua mzigo:

neema@stoo:~/parachichi$ mkdir Rungwe
neema@stoo:~/parachichi$ mkdir Wanging'ombe
>

Rungwe imepita. Wanging'ombe imekwama. Anabonyeza Enter, inakuja > nyingine. Anaandika ls, > nyingine. Anaandika exit, vilevile. Kompyuta haijaganda. Kwa sheli, ritifaa ni alama ya kufungua semi, na kila kinachofuata ni sehemu ya jina hadi itakapoona ritifaa ya kufunga. Ile > inasema: sentensi yako haijakamilika, naendelea kusubiri.

Toka kwa Ctrl+C. Usijaribu kuwa mjanja ukaandika ritifaa na kubonyeza Enter, kwa sababu amri itakamilika kweli na utapata folda yenye jina la ajabu: Wangingombe, isiyo na ritifaa, ikiwa na kila ulichoandika pale katikati pamoja na mikato ya mistari. Baada ya Ctrl+C kidokezo cha kawaida kitarudi, na uandike hivi:

mkdir "Wanging'ombe"

Alama za semi za nje zinailinda ritifaa ya ndani. Unaweza pia kuiwekea mkwaju wa kinyume mbele: Wanging\'ombe.

Kuna watu huliandika jina hilo kwa ritifaa mbili, Wang'ing'ombe. Hao hawataona > kabisa, kwa sababu ritifaa ya pili inafunga iliyofunguliwa na ya kwanza. Sheli inazimeza zote mbili na kuunda folda Wangingombe bila kusema neno. Baadaye programu inayotafuta jina kamili haipati kitu, na unaweza kupoteza mchana mzima ukitafuta kosa ambalo halijaonyeshwa popote. Na ukinakili jina kutoka kwenye hati ya Word au kibodi ya simu, ritifaa inaweza kuwa ile iliyopinda. Hiyo kwa sheli ni herufi ya kawaida, inapita bila matata, ila jina lake halilingani na lile lenye ritifaa iliyonyooka. Chagueni ofisini namna moja ya kuandika na mshikamane nayo.

Kidokezo cha > huja pia ukimaliza mstari kwa mkwaju wa kinyume, kwa alama ya |, au ukianza kitanzi cha for usikimalize. Zsh inasaidia zaidi: badala ya > tupu inaandika quote>, dquote> au pipe>, ikikutajia kilichoachwa wazi. Natamani bash nayo ingefanya hivyo. PowerShell huandika >> pale inapokusubiri.

Hatua ya 6: Upande wa Windows

Cmd inaonyesha mahali tu, na kumalizia na >:

C:\Users\Neema>

Hakuna jina la mashine, hakuna alama ya mamlaka. Hapa > ndicho kidokezo cha kawaida, hakisubiri kitu. PowerShell inaongeza herufi PS mwanzoni:

PS C:\Users\Neema>

Herufi hizo mbili zina kazi kubwa, kwa sababu amri za pande mbili hazilingani. Ukiandika ls kwenye cmd unaambiwa haitambuliki. Kwenye PowerShell inakubali. Mamlaka ya msimamizi hayaonekani kwenye kidokezo; tazama juu ya dirisha kama kuna neno Administrator. Dalili nyingine ni kwamba dirisha la msimamizi kwa kawaida huanzia C:\Windows\System32, mahali ambapo huna sababu ya kuweka faili zako. Na kama unatumia flashi au diski ya pili, kumbuka kwamba kwenye cmd amri cd D:\kazi haikuhamishi. Kidokezo kinabaki C. Andika cd /d D:\kazi, kisha thibitisha herufi imegeuka.

Git Bash ndiyo wanayokutana nayo wanafunzi wengi wa programu. Kidokezo chake kiko mistari miwili, na ukiwa ndani ya mradi unaotunzwa na Git (programu ya kuhifadhi matoleo ya faili), mwishoni mwa mstari wa juu kuna mabano yenye jina la tawi, yaani toleo unalofanyia kazi, mara nyingi (main). Dola iko peke yake chini. Mikwaju ya njia za folda imegeuka ya Linux, /c/Users/Neema, ingawa uko Windows.

Mabano ya mbele ya kidokezo, kama (venv) au (base), ni kitu kingine: yanasema mazingira ya Python (lugha ya kuandikia programu) yaliyowashwa. Andika deactivate kwa la kwanza, conda deactivate kwa la pili, yatatoweka.

Hatua ya 7: Ukiingia ndani ya programu nyingine

Mishale mitatu, >>>, ni Python. Hapo uko nje ya sheli, kwa hiyo ukiandika python hesabu.py utapata SyntaxError, ingawa amri ni sahihi. Toka kwa exit(), rudi kwenye dola, ndipo uandike. Nukta tatu maana yake Python inasubiri umalizie.

Hifadhidata zinajitaja zenyewe: mysql>, sqlite>, MariaDB [(none)]>. Yale maneno (none) ya MariaDB yanamaanisha hujachagua hifadhidata yoyote. PostgreSQL ina hila nzuri: stoo=> ni mtumiaji wa kawaida, stoo=# ni mkuu wa hifadhidata, reli ileile ya hatua ya 3.

Kwenye MySQL ukiona -> basi umesahau nukta mkato. Ukiona '> basi ni ritifaa imerudi tena:

mysql> INSERT INTO wilaya (jina) VALUES ('Wanging'ombe');
'>

Andika ' ikifuatiwa na \c ili kuifuta amri, kisha rudia kwa kuandika ritifaa ya jina mara mbili mfululizo: 'Wanging''ombe'. Kutoka kabisa, kwenye MySQL ni exit, kwenye PostgreSQL ni \q, kwenye SQLite ni .quit.

Hatua ya 8: Mashine mbili, dirisha moja

Neema akiingia kwenye seva kutoka kwenye laptopu yake, dirisha ni lilelile, rangi zilezile, fonti ileile. Kilichobadilika ni neno moja:

neema@stoo:~$ ssh neema@seva-mbeya
neema@seva-mbeya:~$

Kuanzia hapo kila amri inatekelezwa kwenye seva, si mezani kwake. Anayefuta faili bila kusoma neno hilo ni sawa na abiria aliyepanda basi la Tunduma akijua ni la Tukuyu kwa sababu tu yote mawili yalikuwa yamepaki stendi.

Kinyume chake nacho kinatokea, hasa kwetu ambako mvua ikipiga sana umeme na mtandao huondoka pamoja. Ukiwa ndani ya seva na mtandao ukakatika, terminali inaganda kwa muda, kisha inaandika ujumbe wenye maneno Broken pipe, na kidokezo cha laptopu kinarudi. Mtu ambaye macho yake yako kwenye karatasi anaendelea kuandika, na amri zilizokusudiwa kuzima huduma ya seva zinaizima ya laptopu. Umeme ukirudi, soma mstari kabla ya kugusa kitu.

Ndiyo maana majina ya mashine yasifanane. Seva nyingi zinakuja na jina kama ubuntu, na ukiwa nazo tatu zenye jina hilo kidokezo hakikusaidii. Zipe majina ya mahali zilipo: sudo hostnamectl set-hostname stoo-tukuyu. Toka na uingie tena, jina jipya litaonekana.

Mafundi wa mitandao wana hadithi ileile. Ruta za MikroTik zinazaliwa zote zikiwa na kidokezo [admin@MikroTik] >, na fundi aliyefungua madirisha ya Kihesa, Mafinga na Njombe kwa wakati mmoja hana namna ya kujua lipi ni lipi. Kazi ya kwanza kwenye ruta mpya iwe hii: /system identity set name=Kihesa. Ya pili, kama ruta iko mlimani na kwenda huko ni pikipiki na nusu siku, bonyeza Ctrl+X kabla ya kubadili chochote. Kidokezo kitaonyesha <SAFE>, na ukijifungia nje kwa bahati mbaya, ruta itarudisha mipangilio ya awali yenyewe. Ukiridhika na kazi, bonyeza Ctrl+X tena ili mabadiliko yabaki.

Kwenye ruta za Cisco, Router> ni kutazama tu. Andika enable, inakuwa Router#, sasa una mamlaka. Andika configure terminal, inakuwa Router(config)#, sasa unabadilisha ruta inayofanya kazi. Kila mabano yanakuambia umeingia chumba kipi. Exit inakutoa kimoja kimoja.

Hatua ya 9: Tengeneza kidokezo chako

Kwenye bash kidokezo kinatunzwa ndani ya kigeu kiitwacho PS1. Kijaribu hivi:

PS1='\t \u@\h:\w\$ '

\t ni saa, \u mtumiaji, \h mashine, \w folda, na \$ inajigeuza yenyewe: dola kwa mtu wa kawaida, reli kwa msimamizi. Usisahau nafasi ya mwisho kabla ya kufunga, la sivyo amri zako zitagandamana na dola. Ukifunga dirisha, mabadiliko yanapotea, na hiyo ni nafuu ya kujaribia.

Kwenye seva inayobeba kazi halisi ningeweka rangi nyekundu, na kwenye laptopu ningeacha kama ilivyo:

PS1='\[\e[31m\]\u@\h:\w\$\[\e[0m\] '

Namba 31 ni nyekundu, 0 inarudisha rangi ya kawaida. Yale mabano yenye mkwaju wa kinyume, \[ na \], usiyaache; yanaiambia bash kwamba kilichomo hakichukui nafasi kwenye skrini. Ukiyaacha, amri ndefu zitaanza kujiandika juu yake zenyewe ukifika ukingoni.

Ukiridhika, fungua faili la mipangilio ya bash kwa kuandika nano ~/.bashrc, weka mstari huo mwishoni kabisa, hifadhi, kisha andika source ~/.bashrc. Lakini kwanza chukua nakala: cp ~/.bashrc ~/.bashrc.zamani. Ukiharibu kitu na kidokezo kikawa hakisomeki, andika bash --norc. Utapata kidokezo kitupu kinachofanana na bash-5.2$, yaani jina la sheli na toleo lake, bila mtumiaji wala folda. Kutoka hapo rudisha nakala kwa cp ~/.bashrc.zamani ~/.bashrc, na ufungue dirisha jipya.